Polonnaruwa kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Kuzuru Magofu ya Kibuddha ya Sri Lanka Mkiwa Kikundi

Polonnaruwa ni mji wa kuendea kwa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za ndani zina miti mingi, na magofu yametawanyika kwenye ukanda wa kilomita kama tano kutoka kusini hadi kaskazini. Kwa miguu, jua litawamaliza kabla hamjafika nusu. Kwa basi mtashushwa dakika kumi hapa na dakika kumi pale, mwisho wa siku mna picha nyingi na hamjui kwamba mlikuwa ndani ya mji mmoja uliopangwa kwa akili kubwa. Kwenye baiskeli unaupima mpango huo kwa mwili wako: toka ikulu hadi uwanja wa jino takatifu, yaani jino la Buddha, ni mzunguko mfupi wa kanyagio, toka hapo hadi hospitali ya watawa ni mwendo wa kutoa jasho, na sanamu za Gal Vihara ziko mbali zaidi, nje kabisa ya kelele za soko la zamani.

Mwongozo huu ni wa kikundi: marafiki, klabu ya baiskeli, wanafunzi, au familia mbili tatu zilizochanga nauli. Anayekwenda peke yake anaweza kujiamulia kila kitu njiani. Kikundi hakiwezi, na safari nyingi za kikundi huharibika kwa sababu hakuna aliyekaa chini mapema kupanga nani anafanya nini na mnaanzia wapi.

Historia ya kubeba kichwani

Soma hii kwa kikundi chote usiku wa kabla ya safari, hata kama ni dakika tano tu. Mwaka 993 Wachola wa kusini mwa India waliuangusha mji mkuu wa kale wa Anuradhapura, wakaweka makao yao Polonnaruwa. Mwaka 1070 Mfalme Vijayabahu I aliwafukuza, naye akaendelea kutawala kutoka hapo hapo. Majengo mengi makubwa mtakayoyaona ni kazi ya wafalme wawili waliofuata: Parakramabahu I, aliyetawala 1153 hadi 1186, na Nissanka Malla, 1187 hadi 1196. Mwaka 1215 akaja mvamizi Magha kutoka Kalinga, mashariki mwa India, mji ukavunjwa na watawala wakahamia kusini-magharibi. Msitu ukaumeza mji kwa karne nyingi, mpaka wachimbaji wa idara ya mambo ya kale chini ya H. C. P. Bell walipoanza kuufukua mwanzoni mwa karne ya 20. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982.

Ukishika majina hayo mawili, Parakramabahu na Nissanka Malla, utaelewa nusu ya vibao vyote. Wa kwanza alijenga kwa utaratibu na uvumilivu. Wa pili alikuwa na miaka tisa tu na haraka kubwa ya kukumbukwa, ndiyo maana jina lake limechongwa kila mahali.

Lini mwende

Polonnaruwa iko ukanda mkavu wa kisiwa. Mvua kubwa huja kati ya mwishoni mwa Oktoba na Januari, na wakati huo njia za vumbi zinageuka tope. Februari hadi Aprili kuna kijani na joto linavumilika. Mei hadi Septemba ni ukavu na jua kali, lakini ndiyo miezi ambayo tembo hukusanyika kwa wingi kwenye bwawa la Minneriya lililo karibu, hasa Agosti na Septemba, kwa hiyo mnaweza kuunganisha safari mbili.

Angalieni pia kalenda ya mwezi. Kila mwezi mpevu ni sikukuu ya Kibuddha iitwayo Poya. Siku hiyo waumini waliovaa nyeupe hufurika na pombe haiuzwi nchi nzima. Mkitaka kuona dini ikiishi ndani ya magofu, chagueni Poya. Mkitaka nafasi na utulivu, iepukeni.

Karatasi, afya na kufika

Kibali cha kuingia nchini kinaombwa mtandaoni kabla ya safari. Wanaotoka Afrika Mashariki na Kongo wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Sri Lanka inakidai kwa wasafiri wa nchi zenye ugonjwa huo. Jambo la pili wengi hawalifikirii: Shirika la Afya Duniani liliitangaza Sri Lanka kuwa nchi isiyo na malaria mwaka 2016. Mtu wa kikundi chenu akipata homa huko, asijitibu na vidonge vya mkobani. Aende hospitali na aseme wazi ametoka nchi yenye malaria, ili apimwe mara moja. Kwa upande wa huko, ugonjwa wa kuogopa ni dengi, ambao huenezwa na mbu wanaouma mchana, hivyo dawa ya kufukuza mbu ipakwe asubuhi.

Kutoka Colombo kuna treni na mabasi, na kutoka Kandy au Dambulla kuna mabasi ya mara kwa mara. Stesheni ya treni na stendi kuu haziko mji mkongwe. Ziko Kaduruwela, kilomita nne hivi upande wa mashariki. Ukipanda basi linalotokea Dambulla, mwambie konda mapema kwamba mnashuka mji wa zamani, vinginevyo mtapitilizwa hadi Kaduruwela na kulazimika kurudi kwa bajaji. Kwa Waislamu, Kaduruwela ni mahali pa kukumbuka: kuna jamii ya Waislamu, misikiti, na migahawa ya halali.

Malazi yatafuteni mji mkongwe au karibu na bwawa. Nyumba nyingi za wageni zina baiskeli za kukodisha, na hiyo inawaondolea asubuhi nzima ya kuhangaika.

Gaweni kazi kabla hamjapanda baiskeli

Watu sita hadi kumi ndio ukubwa mzuri. Mkizidi kumi na wawili, jigaweni makundi mawili yenye viongozi wawili, yapishane kwa nusu saa. Msafara mrefu unaziba njia, na kwenye sehemu za ibada unageuka fujo hata kama kila mtu ana adabu.

Wekeni watu wanne wenye majukumu. Wa mbele anashika ramani na mwendo, na mwendo huo ni wa yule dhaifu kuliko wote, si wa yule mwenye mapaja ya chuma. Wa nyuma hapitwi na mtu hata mara moja, akisimama, mnasimama. Wa tatu ni wa zana na huduma ya kwanza. Wa nne anashika tiketi, fedha ya pamoja na saa. Kanuni moja tu iwe ya lazima: kila njia panda mnasubiriana mpaka wa nyuma afike. Kikundi kinachofuata kanuni hiyo hakipotezi mtu.

Kama mna mzee, mtoto mdogo au mtu asiyejua vizuri kuendesha, kodini bajaji moja kwa siku nzima. Inabeba maji, zana na mabegi, na mtu akichoka anapanda. Kubalianeni bei ya siku nzima kabla ya kuondoka, mkiorodhesha vituo vyote, na mwambieni dereva awatangulie kwenye vivuli badala ya kuwafuata kwa nyuma akipiga injini.

Mwongozaji wa kienyeji ni msaada mkubwa. Chagueni mwenye kitambulisho cha mamlaka ya utalii, na mwulizeni kama yuko tayari kuendesha baiskeli pamoja nanyi. Asiyependa baiskeli atawaharakisha.

Kukagua baiskeli za kukodi

Hapa msione haya kuchelewa. Baiskeli nyingi za kukodi ni za kawaida, za gia moja, zenye kikapu mbele, na zimepitia mikono mingi. Fanyeni ukaguzi jioni ya kabla, si asubuhi mkiwa na haraka, ili mwenye nyumba apate muda wa kumwita fundi.

Anza na tairi. Bonyeza kwa kidole gumba: lisibonyee kirahisi. Kagua kuta za pembeni kama zina nyufa, kwa sababu joto la barabara litazimalizia. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, utazame kama linayumba kushoto na kulia. Likigusa breki kila mzunguko, njiti zimelegea. Kisha shika breki ya mbele kwa nguvu na usukume baiskeli: isisogee. Rudia kwa ya nyuma, na ujue mkono upi unashika ipi kabla hujaingia barabarani. Cheni iwe na mafuta na isilegee kiasi cha kuchomoka. Shika kanyagio zote mbili uzitikise, zikicheza, kazeni.

Siti ndiyo huleta maumivu ya magoti. Kaa, weka kisigino kwenye kanyagio iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama. Kama goti limekunjwa, pandisha siti. Watu wengi huendesha siku nzima siti ikiwa chini mno na wanadhani uchovu ni wa jua.

Mwenye zana abebe pampu inayoingia valvu za baiskeli zenu (zijaribuni, msidhani), viraka na solusheni, vyuma vya kutolea tairi, spana namba 15, bisibisi, tyubu mbili za akiba, na kamba. Kila baiskeli iwe na kufuli na kengele inayolia.

Mavazi na adabu

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Suruali nyepesi au kanga ya kujifunga juu ya kaptula inatosha, na kwa mwendesha baiskeli kanga ina faida nyingine ya kukinga shingo na jua. Rangi nyeupe au hafifu ndizo za heshima. Viatu na kofia vinavuliwa kila mnapoingia jengo takatifu, hata kama limebaki kuta tu bila paa. Soksi zinaruhusiwa, nami nasisitiza mzibebe, tena nene: saa 5 asubuhi mawe yanaunguza kiasi cha kutoa malengelenge. Vaa viatu vya kuvuliwa haraka, visivyo na kamba ndefu.

Msimpe mgongo Buddha kwa ajili ya picha. Picha ya sanamu inaruhusiwa, ya mtu akijipiga huku ameigeuzia mgongo hairuhusiwi, na walinzi wanapuliza filimbi. Msipande juu ya sanamu, msiiguse, msiikumbatie. Mambo haya yana sheria nyuma yake: mwaka 2012 watalii wa Kifaransa walihukumiwa kifungo cha nje kwa picha za kubusu sanamu, na mwaka 2014 mtalii wa Uingereza alirudishwa kwao kwa sababu ya chale (tatuu) ya Buddha mkononi. Mwenye chale ya aina hiyo aifunike tangu uwanja wa ndege.

Hamlazimiki kuabudu. Muislamu au Mkristo anaweza kusimama kimya pembeni wenyeji wakisali, na heshima hiyo inaonekana na inathaminiwa. Jifunzeni maneno mawili ya Kisinhala: *ayubowan* kwa salamu, viganja vikiwa vimekutana kifuani, na *istuti* kwa shukrani. Mwanamume anayekuzidi umri kidogo mwite *ayya*, kaka. Mwanamke *akka*, dada. Milango hufunguka.

Jioni ya kwanza: bwawa na sanamu ya kusini

Mkifika mchana, msingoje kesho. Pandeni baiskeli saa 10 jioni mwende kwenye tuta la Parakrama Samudra, bwawa lililoachwa na Parakramabahu I. Lina ukubwa wa zaidi ya hekta 2,000, na tuta lake linakaribia kilomita 14. Linamwagilia mashamba ya mpunga hadi leo. Kila kitu mtakachokiona kesho kilisimama juu ya maji haya: bila mpunga hakuna chakula cha watawa wala wachongaji, na mifereji ilipokosa wa kuitunza, mji haukuwa na namna ya kurudi. Kwa hiyo anzeni na bwawa. Mtu aliyeliona anayatazama majumba kwa jicho jingine.

Endesheni kuelekea kusini hadi Potgul Vihara. Hapo pana sanamu iliyochongwa kwenye mwamba, urefu wake unazidi mita tatu: mzee mwenye ndevu, tumbo limetokeza kidogo, ameshika kitu mikononi. Wengine husema ni Parakramabahu mwenyewe ameshika nira ya utawala, wengine mwenye hekima ameshika kitabu cha majani ya mtende. Simameni mtazame uso kabla ya kuchagua upande. Sehemu hii haihitaji tiketi kuu ya magofu, na jioni huwa na watu wachache.

Msiogelee bwawani, kuna mamba. Chakula cha jioni ulizeni samaki wa bwawa. Mara nyingi mtaletewa perege. Samaki huyo alipelekwa Sri Lanka kutoka Afrika miaka ya 1950 na sasa ndiye tegemeo la wavuvi wa mabwawa. Akipikwa kwa nazi, mtu wa pwani hatahitaji kuelezwa chochote.

Siku yenyewe: anzeni mwisho wa mji

Huu ndio ushauri ninaousimamia kuliko yote. Wageni karibu wote huanza kusini, kwenye ikulu, na kupanda kuelekea kaskazini. Wakifika Gal Vihara ni saa 5 au 6, jua limekaa utosini, na mabasi yote yamefika pamoja. Ninyi fanyeni kinyume.

Saa 12 na nusu asubuhi muwe mmekwisha kunywa chai na kujaza maji, lita tatu kwa kila mtu, na chumvi ya kuongeza maji mwilini kwenye begi la huduma ya kwanza. Eneo hufunguliwa kama saa 1. Kwa tiketi, kila mgeni aweke kando dola 30 za Marekani; bei hubadilika, hivyo thibitisheni mnakolala, na ulizeni pia dirisha linafunguliwa saa ngapi. Tiketi ni ya siku moja, tena panga kama vile ukitoka hurudi. Akija mtu na ofa ya kuwaingiza kwa njia ya panya kwa nusu bei, mkataeni. Fedha ya tiketi ndiyo inayotunza mawe haya.

Mkiingia, pitieni ikulu bila kusimama na mwendeshe moja kwa moja kaskazini. Mstari mmoja, upande wa kushoto. Watanzania, Wakenya na Waganda watajisikia nyumbani. Wanaotoka Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, wawe katikati ya msafara mpaka wazoee.

*Tivanka.* Ni jengo la mwisho kabisa kaskazini, kilomita kadhaa toka mlangoni. Ndani kuna sanamu ya Buddha iliyopinda sehemu tatu, goti, kiuno na bega, na kuta zina mabaki ya michoro ya rangi. Mwangaza ni hafifu. Subirini macho yazoee. Msitumie mwanga wa kamera, unaua rangi. Ingieni watu watatu watatu.

*Bwawa la yungiyungi.* Mkirudi kusini mtalikuta pembeni mwa njia. Ni dogo, la mawe, limechongwa ngazi tano za petali nane zinazoshuka. Dakika tano zinatosha, lakini lizungukeni lote, maana kutoka upande mmoja hamwoni umbo.

*Gal Vihara.* Mtakuwa hapa mapema kuliko umati, na hapa ndipo mtumie muda mrefu kuliko popote. Fungeni baiskeli kwenye maegesho, msiache hata ndizi kwenye kikapu: nyani wadogo wa Polonnaruwa, ambao watafiti wamekuwa wakiwachunguza tangu 1968, wanafungua zipu.

Sanamu nne zimechongwa kwenye mwamba mmoja kwa amri ya Parakramabahu I. Mbili zimeketi, moja imesimama, urefu wa mita saba, moja imelala, mita 14. Mwambie kila mtu akae kimya dakika kumi, simu mfukoni, kabla ya picha yoyote. Halafu msogee mtazame mambo haya. Kwenye aliyelala, angalieni mto ulio chini ya kichwa: mchongaji ameubonyeza, jiwe limezama kwa uzito wa kichwa. Shukeni hadi miguuni. Vidole havikulingana, mguu wa juu umerudi nyuma kidogo. Kwa Wabuddha hiyo ndiyo alama kwamba huyu hajalala usingizi, anaingia nirvana, mwisho wa mateso na wa kuzaliwa upya. Mishipa ya rangi iliyomo kwenye mwamba inapita usoni na kwenye vazi, na wachongaji waliiacha iende inavyokwenda.

Aliyesimama amekunja mikono kifuani, na uso wake una huzuni. Kwa muda mrefu watu walisema ni Ananda, mwanafunzi wa Buddha, akimlilia mwalimu wake. Wengine wanapinga, kwa kuwa mabaki ya kuta yanaonyesha kila sanamu ilikuwa na chumba chake, kwa hiyo hawa wawili hawakuwa mandhari moja. Bishaneni kwa sauti ya chini. Na msipite maandishi yaliyo kwenye mwamba bila kuyatazama: ni kanuni za watawa, kutoka wakati Parakramabahu alipoyaunganisha makundi yao yaliyokuwa yamegawanyika.

Baada ya hapo nunueni madafu ya rangi ya chungwa kwa akina mama walio nje, na mpumzike kivulini. Hii ni nafasi ya kukagua tairi.

*Kiri Vehera na Lankatilaka.* Viko pamoja, mwendo mfupi kusini, ndani ya chuo kikubwa cha watawa cha Alahana Pirivena. Kiri Vehera ni stupa nyeupe, yaani kuba takatifu la Kibuddha, la matofali yaliyopakwa plasta. Lankatilaka ina kuta mbili zinazokaribia mita 17 kwenda juu, na kati yake Buddha wa matofali amesimama bila kichwa. Ingieni polepole toka mlangoni ili wembamba wa njia uwafanyie kazi uliokusudiwa.

*Hospitali.* Makundi mengi hupita bila kusimama, jambo linalonisikitisha. Ombeni mwongozaji awaonyeshe birika la jiwe lililochimbwa kwa umbo la mtu: kichwa, mabega, mwili, miguu. Mgonjwa alilazwa humo akalowekwa kwenye dawa za mitishamba. Inama ulitazame kwa karibu, kingo zake ni laini. Ni karne ya 12, na hawa walikuwa na jengo maalumu la wagonjwa lenye vyumba kuzunguka ua.

*Rankoth Vehera.* Stupa kubwa kuliko zote mjini, kazi ya Nissanka Malla. Vua viatu, vaa soksi, zunguka mkono wa kulia ukielekea stupa kama wafanyavyo waumini. Aliyechoka abaki na baiskeli.

*Uwanja wa jino takatifu.* Jukwaa hili dogo lina majengo mengi kuliko eneo lolote la ukubwa wake kisiwani, na mtalifikia wakati jua limepanda, hivyo jipangieni saa nzima na vituo vya kivuli. Nendeni kwanza Vatadage, jengo la mviringo lenye milango minne na Buddha wanne walioketi wakitazama pande nne. Chini ya ngazi tazameni jiwe la nusu duara. Anuradhapura mawe ya namna hii yana tembo, farasi, simba na ng'ombe dume. Hapa ng'ombe hayupo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baada ya utawala wa Wachola, ambao walikuwa Wahindu, mnyama wao mtakatifu hakustahili kukanyagwa. Nanyi pandeni kwa pembeni.

Mkabala ni Hatadage, alikoliweka Nissanka Malla jino la Buddha. Kando yake limelala Gal Pota, bamba la jiwe la zaidi ya mita nane lenye umbo la kitabu cha majani ya mtende. Lina uzito wa tani 25 hivi, na maandishi yake yenyewe yanadai lilikokotwa kutoka Mihintale, karibu kilomita 100. Yamejaa sifa za mfalme huyo. Tafuteni tembo waliochongwa kwenye ncha.

*Shiva Devale.* Karibu na hapo kuna mahekalu ya Kihindu. Lile linaloitwa namba 2 ni la enzi ya Wachola, la mawe matupu, na ndilo jengo la kale zaidi lililosimama mjini. Watu bado wanaweka maua humo.

*Ikulu.* Malizeni na jumba la Parakramabahu. Tarihi za kale zinasema lilikuwa na ghorofa saba na vyumba elfu moja. Kilichobaki ni kuta za matofali zenye unene wa mita tatu na mashimo ya boriti yanayoonyesha sakafu za juu. Ukumbi wa baraza mbele yake una mstari wa tembo waliochongwa, hakuna wawili wanaofanana. Shukeni hadi Kumara Pokuna, bwawa la kuogea la mfalme, ambako maji yaliingia kupitia midomo ya mamba wa jiwe.

Hatari za kweli

Jua linaangusha watu wengi kuliko kitu kingine. Dalili ni kichwa kuuma, kuacha kutoa jasho, na kujibu ovyo. Mwenye dalili hizo haendeshi tena: kivulini, maji kichwani na shingoni, kisha bajaji hadi kwa daktari.

Tembo ni hatari ya pili. Barabara kati ya Polonnaruwa na Habarana inapita porini, na tembo huivuka, hasa kuanzia machweo. Msiendeshe baiskeli huko jioni, hata kama ramani inaonyesha ni karibu. Minneriya nendeni kwa gari.

Nyoka wapo kwenye nyasi ndefu, kwa hiyo msikate njia za mkato kati ya magofu. Nyani msiwalishe, na aliyekwaruzwa au kuumwa na nyani au mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mchana: makumbusho, kisha baiskeli

Mkitoka, kama saa 7, kuleni wali na mchuzi, mpumzike, halafu mwende makumbusho karibu na bwawa kwa tiketi ile ile. Wengi hushauri kuanza nayo. Mimi naona inazaa zaidi mwishoni, kwa kuwa mna maswali tayari. Nendeni kwenye vielelezo vidogo vya majengo: mtaiona Vatadage ikiwa na paa lake la mbao. Kisha tafuteni vyombo vya upasuaji vilivyofukuliwa kwenye ile hospitali, na mwonyesheni yeyote aliyesema birika lile lilikuwa la kunyweshea ng'ombe.

Baiskeli zirudisheni kabla ya giza, kwani nyingi hazina taa. Mwenye zana amwambie mwenye nyumba kila kasoro aliyoiona, breki ipi imelegea na tairi lipi limezibwa, ili kikundi cha kesho kisipewe baiskeli hiyo kabla fundi hajaigusa.